Nina Kifua, Yaya

Dzaleka, 7 Januari 2001

Yaya mpendwa Antoinette, dada yangu mkubwa,

Salamu zitangulie, shida itakuja nyuma yake. Mwaka mpya umetukuta tungali hai. Gentille hajambo, ila anasema dada wa mume ni watu wa ahadi: kile kitenge ulichomwambia mwezi wa kumi bado kiko njiani. Mvua inanyesha mpaka ukuta wa jikoni umelala chini, na mahindi niliyopanda nyuma ya nyumba yamefika magotini. Wiki jana wamefika hapa kambini watu kutoka kwetu Uvira, wamepitia Kigoma na Karonga. Wanasema nyumba ya baba pale Kalundu bado ina mabati, ila ndani wanalala askari. Nimewashukuru kwa habari ya mabati.

Sasa kilichonikalisha chini. Yaya, kile kitu kimerudi. Tangu nipigwe kitako cha bunduki kichwani mwaka 98, wewe ndiwe unajua nilivyokuwa naanguka, na wewe ndiwe ulinianzishia fenitoini. Miaka miwili vile vidonge vitatu kwa siku vimenishika vizuri, hata majirani hapa hawakujua kama nina kifafa. Sasa tangu Krismasi nimeanguka mara nne. Mara moja kanisani, katikati ya wimbo. Walioniona walidhani nimeshukiwa na Roho, wakaanza kupiga vigelegele. Gentille peke yake ndiye aliyejua, akanigeuza ubavu.

Sijaruka hata siku moja. Dawa ni ile ile, mtu ni yule yule. Mbona haifanyi kazi?

Mengine siwezi kuyaandika wazi, kwa maana karatasi hii inabebwa na Mama Godelive pamoja na vitenge vyake, na wewe unamjua. Nasema hivi tu: nina kifua, yaya. Ukielewa, uelewe peke yako.

Mdogo wako,
Ezechiel


Lilongwe, 24 Januari 2001

Mdogo wangu Ezechiel,

Pokea salamu, na umpe Gentille zake kabla hajazidai. Kitenge kipo, nimemkabidhi Godelive pamoja na vidonge. Huku mjini watu wote masikio yako redioni tangu rais auawe kule Kinshasa. Pale soko la Tsoka Wakongo tunasimama vikundi vikundi, kila mtu anajua vita vitaisha lini na hakuna anayejua chochote. Mimi kazi yangu ya kliniki inaendelea vizuri. Niko na wagonjwa kutoka asubuhi.

Nimecheka uliposema una kifua. Hiyo ni kweli tupu! Hata utotoni ulikuwa hutoboi siri, fimbo ya mama ilichoka kabla yako. Godelive ndiye hana kifua kabisa: barua yako ya mwezi wa kumi na moja aliwasomea abiria wote ndani ya matola, mpaka dereva akanikumbusha kitenge cha Gentille kabla sijaifungua. Kwa hiyo usijali, mimi pia ninacho, tutunziane.

Lakini kwenye dawa nataka ukweli. Najua kanisa lenu, Januari ni mwezi wa kufunga na kuomba. Umefunga? Mtu akifunga anameza dawa na tumbo tupu, au anaiacha nusu akidhani Mungu atamjazia. Yesu hajawahi kukataza vidonge, Eze.

Daktari wetu hapa, Bwana Kachingwe, nimemweleza habari zako. Anasema viwe vinne.

Yaya wako,
Antoinette


Dzaleka, 2 Februari 2001

Yaya,

Salamu nyingi, na kitenge kimefika. Gentille amekivaa kanisani na ameniambia nikuandikie kwamba amekusamehe. Mahindi yanaanza kutoa mbelewele. Tumezika mzee mmoja wa Fizi juzi, aliyekuwa ananisimulia habari za baba.

Sikufunga. Mchungaji Nahayo aliniondoa kwenye orodha mwenyewe, kwa sababu ambayo nilidhani nimekwisha kukuambia. Ukajibu kwa mzaha. Basi, si kitu.

Vinne nameza, na Jumatano nimeanguka tena, nikiwa napiga pasi suruali ya mteja. Pasi ya mkaa imeniangukia mkononi. Gentille sasa anaficha mikasi nikiamka, na ananifuata mpaka chooni kama askari. Yaya, mimi ni fundi. Fundi asiyeaminiwa na mkasi atakula nini? Tena nitafia kwenye moto siku moja, na yeye atabaki na nani hapa?

Uliza daktari wako tena.

Ezechiel


Lilongwe, 10 Februari 2001

Eze wangu,

Nimesoma habari ya pasi. Paka asali kwenye kidonda, usipake dawa ya meno kama watu wa kwenu wanavyofanya.

Mzaha gani niliofanya? Kama nimekukwaza nisamehe, ila sijui ni neno lipi.

Daktari amesema vitano: viwili asubuhi, vitatu jioni. Nimenunua vya miezi mitatu, hapa duka la dawa la mjini, ili usipungukiwe. Usimpunguzie hata jirani. Gentille ahesabu.

Nakuombea kila siku. Tumebaki wawili tu wa tumbo lile, na sina nguvu ya kubaki mmoja.

Antoinette


Dzaleka, 4 Machi 2001

Yaya mpendwa,

Bwana asifiwe! Wiki tatu sijaanguka. Hata mara moja! Mshukuru daktari wako.

Samahani kwa mwandiko, mistari ya karatasi inakwepa kalamu. Nina usingizi mwingi siku hizi, labda ni mwili unapumzika baada ya kuteseka. Mahindi mabichi tunachoma. Nitaandika zaidi nikipata nguvu.

E.


Lilongwe, 19 Machi 2001

Ezechiel,

Salamu. Sina habari za nyumbani leo, kwa sababu nina moja tu na inanichoma.

Godelive amefika kwangu jana. Hakukaa hata chini. Akasema: "Mama Antoinette, mi siko mutu ya maneno mingi, lakini ndugu yako iko anayumba mu soko kama mulevi. Ulimi yake iko nzito, batoto banamufuata nyuma banacheka. Na kwaya bamemutoa."

Nilimwambia anyamaze. Kisha nikakumbuka mwandiko wako wa Machi, mistari iliyolala kama nyasi baada ya mvua. Lisemwalo lipo, Eze, na kama halipo laja.

Wewe na mimi tulimwona baba. Tulimbeba kutoka kilabu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, mpaka nyumbani, wewe miguu, mimi mabega, na mama anatutangulia ili tusione uso wake. Uliapa mbele ya kaburi lake. Sasa kifafa kimeshikwa, umepata nafuu, ndipo unamshukuru Mungu kwa chupa? Na vidonge vile pamoja na pombe vinaua, nilikufundisha hivyo mwenyewe.

Kama unanywa, niandikie unanywa. Nisisikie kwa Godelive.

Antoinette


Dzaleka, 22 Aprili 2001

Yaya,

Mwandiko huu ni wa Gentille, kalamu imenishinda. Mimi nasema, yeye anaandika. Salamu kwako.

Barua yako ya Machi niliipata. Sikujibu. Nasikia vibaya kuhusu baba. Sijui nikuambie nini. Siku hizi naona mlango mmoja kama miwili, nikienda kwenye mmoja napiga ukuta. Nguo za watu nimewarudishia. Usiniletee vidonge vingine kwa sasa, bado vipo.

Usinikasirikie sana.

Ezechiel

*

Wifi Antoinette, kutoka hapa ni maneno yangu, yeye amelala. Amelala tangu saa nne asubuhi, na jana vilevile. Ukimwamsha macho yanachezacheza, hayatulii mahali pamoja.

Huyu mtu hanywi. Ninalala naye, ninafua nguo zake, ninajua harufu yake. Nimemwambia mchungaji hivyo, akasema mke hawezi kuwa shahidi.

Aliniapisha nisikwambie habari ya Desemba, lakini kiapo cha namna hii Mungu atanisamehe. Walimpima makohozi wakamkuta na kifua kikuu. Miezi miwili alimeza vidonge vyekundu mbele ya macho yangu, mpaka mkojo wake ukawa rangi ya Fanta. Mwanzoni mwa Februari vyekundu wakavikata, wakampa vingine mpaka mwezi wa saba. Hataki watu wajue, ila mchungaji peke yake, maana wateja watakimbia nguo zake. Kule kwenye kipimo vilevile hakusema habari ya fenitoini, aliogopa wamwite mgonjwa wa kifafa.

Nilimwambia, mwandikie dada yako, yeye ni muuguzi. Akasema: "Nilimuandikia. Nilimuambia niko na kifua. Njo akacheka."

Gentille


Lilongwe, 25 Aprili 2001

Eze, mtoto wa mama yangu,

Barua hii Gentille akusomee leo hii. Nimeishona bahasha pande zote kwa uzi mweusi. Kama mshono mmoja umekatwa, mwambieni Godelive nimezihesabu.

Kwanza, kabla ya yote: usimeze fenitoini leo. Wala kesho. Gentille akuchukue kliniki ya hapo asubuhi, hata kwa baiskeli ya kabaza, aseme maneno haya mbele yao bila kuficha hata moja: ana kifafa, anameza vidonge vitano, alimaliza vyekundu vya kifua kikuu mwezi wa pili. Nimeweka ndani karatasi ya Kiingereza aliyoiandika daktari. Wampe hiyo. Vidonge vya kifua kikuu usiviache, hivyo endelea.

Huna pombe mwilini. Una sumu, na aliyekupa ni mimi.

Sasa nisikilize, maana uliniuliza Januari na nikajibu ujinga. Uliuliza mtu ni yule yule, dawa ni ile ile, mbona haifanyi kazi. Kosa liko hapo kwenye "mtu yule yule". Kwa dawa, mtu si yule yule kila mwezi. Unakumbuka wabebaji wa bandarini Kalundu? Meli ikiwa moja, wanakuja wachache, mzigo unakaa ufukoni mpaka jioni. Ini lako ndiyo bandari hiyo: dawa ikifika, kuna wabebaji wa kuitoa mwilini. Vidonge vitatu vilikuwa vinakaa muda wa kutosha kulinda kichwa chako. Halafu vikaja vile vyekundu. Vile vina tabia moja: vinaita wabebaji. Ini likajaza watu, fenitoini ikawa inatolewa kabla haijafika kichwani. Ndiyo maana ulianguka na hukuruka siku. Hukunidanganya hata mara moja.

Mimi nikaongeza mzigo. Vinne, vitano. Kisha vyekundu vikakatwa, na wabebaji wakarudi makwao, si siku moja, wiki mbili hivi. Wachache waliobaki, mojawapo ya dawa unazomeza sasa inawashika mikono. Nami naendelea kutuma vitano. Mzigo ukajaa ufukoni, na huo ndio unaokuyumbisha na kukufunga ulimi. Hata wiki tatu ulizomshukuru Mungu, sumu ilikuwa inapanda.

Maelezo haya si yangu. Ni ya Bwana Kachingwe, na hapa ndipo ninapoona haya, Eze.

Daktari hakusema vinne. Hakusema vitano. Hakuwahi kusikia jina lako mpaka jana. Mimi si muuguzi hapa. Vyeti vya Bukavu hawavitambui, na mimi hapa kliniki ninapiga deki na kufua mashuka. Nilikuandikia "niko na wagonjwa kutoka asubuhi" na ni kweli, niko nao, ninapita chini ya vitanda vyao na ndoo. Ningewezaje kumwendea daktari na kumuuliza habari za dozi? Nilijipigia hesabu mwenyewe kwa yale niliyokumbuka, nikaweka jina lake juu ili uniamini.

Jana nilipofika kwenye neno "Fanta" katika barua ya Gentille, niliacha ndoo katikati ya njia, nikaingia chumbani kwake na viatu vya maji. Alikuwa na mgonjwa. Nikamwambia majina ya dawa zote moja baada ya moja. Akaniuliza nani aliyempandishia. Nikasema mimi. Akasema pepani, kama wanavyosema hapa kwa mtu aliyefiwa, akavuta karatasi akaandika. Baadaye akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia miaka minane wodini Bukavu. Akatoka nami mpaka njiani, akaisogeza ndoo yangu pembeni kwa mguu wake ili watu wasijikwae.

Wazee husema mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe ulificha lako, mimi nikaficha langu, na kilio kilikuwa mlangoni. Lakini wewe ulijaribu. Uliniandikia "nina kifua", na mimi nikasoma siri pale ulipoandika ugonjwa. Muuguzi mzima! Naliona neno lile kila ninapofumba macho.

Na lile nililoandika juu ya baba, nakuomba ulichome na karatasi yake.

Dada yako,
Antoinette


Dzaleka, 20 Mei 2001

Yaya wangu,

Tazama, mwandiko ni wangu. Herufi zinasimama.

Salamu za hapa: mahindi tumevuna, magunia mawili na nusu. Gentille amekonda au ni mimi nimeanza kumwona mmoja. Kliniki walinilaza siku nne. Fenitoini waliikata, siku ya tatu nikaamka na mlango ulikuwa mmoja. Nimeanza tena na viwili, na wanaandika kila kitu kwenye daftari. Nimeanguka mara moja tu tangu hapo, kitandani, bila kuumia.

Mchungaji Nahayo amekuja nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, akaniomba radhi kwa Kirundi kwanza, maana kwa Kiswahili neno lilimshinda. Jumapili akarudia mbele ya kanisa lote. Niliwaambia mwenyewe habari ya kifua na ya kifafa, zote mbili kwa pamoja. Nguo za watu zilikuwa zimeanza kurudi kwangu, lakini wateja wawili wamechukua zao. Mmoja amerudisha.

Kuhusu deki, yaya, mimi nilijua. Godelive alikuona na ndoo mwaka juzi, akaniambia wiki ile ile; ulimtegemea anyamaze? Sikukuandikia kwa sababu ulipenda niamini. Mkono ulioshika ndoo ndio ule ule ulionifunga kichwa usiku ule tulipotoka Uvira, siuonei haya.

Ila kuna jambo moja lazima nikuambie, kwa kuwa tumesema hatufichani tena. Huenda ulidhani nilinyamaza wiki tano kwa hasira. Sikuwa na hasira. Nilikuamini. Unajua kifafa kinanichukulia saa nzima nzima, naamka sijui nilikuwa wapi. Ulipoandika kwamba nakunywa, nilisema moyoni labda ni kweli, labda nakwenda kunywa na kusahau, labda baba amenirithisha na sijui. Kila asubuhi nilikuwa naweka mkono mdomoni napumua, nautafuta ule mnuko wa kasiksi. Sikuupata hata siku moja, na bado nilikuamini wewe kuliko pua yangu.

Nimekusamehe kabla hujaomba. Lakini usiniandikie tena kitu usichokiona.

Mdogo wako,
Ezechiel


Lilongwe, 27 Mei 2001

Eze,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale penye mkono mdomoni nimelia kwa sauti mpaka mwenye nyumba akaja kugonga.

Sina habari za kukupa, nitakuja nazo. Miaka miwili nimekaa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwako, na sikuja kwa sababu watu wa Dzaleka wananiita madame infirmière, bibi muuguzi, na nilitaka waendelee. Hiyo nimeiweka chini. Nimeomba ruhusa ya Jumamosi, na Bwana Kachingwe ndiye aliyeniombea.

Mwezi wa saba dawa ya kifua ikiisha, ini lako litabadilika tena, na viwili havitatosha. Mwezi mwingine utakuwa na malaria, mwingine utakonda, mwingine utanenepa. Siwezi tena kukutibu kwa karatasi. Nitakuja kila mwezi.

Jumamosi nikifika usinitolee chupa ya vidonge kwanza. Mwambie Gentille akuachie mkono, simama mlangoni, utembee peke yako mpaka nilipo, nikuone.

Antoinette